Je, Dawa Ingali Ina Makali? Jinsi Vijidudu Vinavyojaribiwa Thika na Ruiru

Mtu akinunua panga katika soko la Thika aweza kulijaribu makali yake kwa kidole kabla hajatoa fedha. Dawa ya hospitali haijaribiwi hivyo. Kidonge ambacho vijidudu vimekwisha kukizoea hufanana kwa rangi, kwa uzito na kwa bei na kidonge kinachoponya, na mgonjwa hatambui tofauti mpaka siku ya tatu au ya nne, homa ingalipo na fedha zimekwisha. Kwa sababu hiyo wataalamu wamebuni njia za kuvikutanisha vijidudu na dawa nje ya mwili wa mgonjwa, ili waone upande upi utashinda. Njia hizo zamhusu mkulima wa kahawa wa Ruiru na mfugaji wa kuku wa mayai, sawasawa na zinavyomhusu mgonjwa aliyelazwa wadini mjini Thika.

Yafaa kwanza kujua ni vijidudu gani vinavyosemwa hapa. Malaria huletwa na kijidudu cha jamii nyingine kabisa, na mafua ya kawaida huletwa na virusi; magonjwa hayo hayaondolewi na dawa za kuua bakteria, hata zikimezwa kopo zima. Bakteria ni viumbe vidogo mno, ambavyo kila kimoja ni chembe moja tu iliyo hai. Wengi wao hawana madhara, na wengine huishi tumboni mwa mwanadamu na kumsaidia. Lakini wapo waletao homa ya matumbo, kifua kikuu, kipindupindu, usaha wa vidonda na maumivu ya njia ya mkojo, na hao ndio wanaopigwa vita kwa amoksilini, siprofloksasini, jentamisini, tetrasiklini na nyinginezo ambazo majina yake yamekwisha kuzoeleka madukani.

Chukua mfano wa mama aliyefanyiwa upasuaji, na baada ya siku chache kidonda chake kikaanza kutoa usaha. Muuguzi husafisha sehemu ya juu, halafu huchukua usaha wa ndani kwa kijiti chenye pamba safi, akakitia katika kichupa na kuandika jina, tarehe na saa. Kichupa hicho hupelekwa maabara upesi. Huko mpimaji hupaka usaha juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa katika sahani ndogo ya mviringo yenye kifuniko. Kinachokigandisha chakula hicho ni agari, kitu kama uji ulioshikamana, ambacho hutokana na mwani wa baharini (si mwani ule unaolimwa Unguja na Pemba, kwani ule hutoa kitu kingine chenye kazi nyingine). Sahani huwekwa katika kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, hata kesho yake. Bakteria mmoja wa jamii iongezekayo haraka aweza kujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Basi ikifika asubuhi, mahali alipoangukia mmoja pana kundi la mamilioni, nalo laonekana kwa macho kama tone dogo la nta.

Siku ya pili ndiyo siku ya kujaribu dawa. Mpimaji huchota makundi machache yanayofanana na kuyakoroga katika maji ya chumvi mpaka maji yawe na ukungu wa kiasi maalumu. Kiasi hicho hakikisiwi. Huwekwa kando yake kichupa cha kulinganishia kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, na vichupa vyote viwili hutazamwa mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Mistari ikionekana sawasawa katika vyote viwili, maji yana bakteria wapatao milioni 150 kwa kila mililita. Kisha maji hayo hupakwa juu ya agari mpya, kushoto na kulia, juu na chini, hata pasibaki nafasi iliyo tupu. Juu yake huwekwa vikaratasi vya duara, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6 na kimenyweshwa dawa ya namna moja kwa kipimo kinachojulikana. Kikaratasi cha siprofloksasini, mathalan, kina sehemu 5 tu za milioni moja ya gramu. Sahani hufunikwa, hupinduliwa, na hurudishwa katika joto kwa muda wa saa 16 hadi 18.

Usiku ule yatokea mashindano yasiyo na kelele. Unyevu wa agari huitoa dawa katika kikaratasi, nayo husambaa pande zote: karibu na kikaratasi ni kali, mbali ni hafifu. Wakati huohuo bakteria wanaongezeka. Mahali dawa ilipo na nguvu ya kutosha hawawezi kuota. Mahali ilipopungua huota kama majani baada ya mvua. Asubuhi sahani nzima imefunikwa na zulia jeupe la bakteria, isipokuwa miduara iliyo safi kuzunguka baadhi ya vikaratasi. Mpimaji hutwaa rula na kupima upana wa kila mduara kwa milimita. Penye kikaratasi kilichozungukwa na bakteria mpaka ukingoni, bila mduara wowote, dawa hiyo ingetiwa mwilini mwa mama yule bila faida.

Hapa watu wengi hukosea, hata baadhi ya wanafunzi wa kazi hii. Wao huona mduara wa dawa moja ni mkubwa kuliko wa nyingine, wakasema ya kwanza ndiyo kali zaidi. Sivyo. Dawa nyingine husambaa kwa wepesi katika agari na nyingine kwa uzito, kama vile mafuta na asali zisivyoenea sawa juu ya meza. Kila dawa ina mizani yake, iliyopatikana kwa kulinganisha sahani na hali za wagonjwa wengi. Wala mizani hiyo haikai vilevile milele. Kwa siprofloksasini na bakteria wa tumbo, mizani ya Kimarekani inayotumiwa katika nchi nyingi ilihesabu mduara wa milimita 21 kuwa ni ushindi wa dawa; tangu mwaka 2019 mduara huohuo wahesabiwa kuwa ni ushindi wa bakteria, kwani ilionekana ya kuwa wagonjwa wenye bakteria wa namna hiyo hawaponi vema. Maabara itumiayo karatasi ya zamani iliyobandikwa ukutani yaweza kusoma milimita kwa usahihi na bado ikampa daktari jibu lisilofaa.

Makosa mengine ni ya mikono. Agari ikimiminwa kwa wembamba kuliko milimita 4, dawa haina kina cha kushukia, husambaa kando tu, na mduara huwa mkubwa kuliko haki yake. Bakteria wakipakwa wengi mno, mduara husinyaa. Vikaratasi vilivyoachwa nje ya jokofu katika unyevu hupoteza nguvu, na hapo bakteria dhaifu huonekana kuwa shujaa. Ili kujilinda, maabara nzuri huwa na bakteria wake wa kupimia kazi: aina moja ya Escherichia coli yenye namba 25922, inayotumiwa ulimwenguni kote na ambayo miduara yake imeandikwa vitabuni. Huyu naye hupakwa sahani yake. Miduara yake ikitoka nje ya mipaka, majibu ya siku hiyo hayatolewi, hata kama daktari amesimama mlangoni.

Njia hii ya vikaratasi ilipangwa sawasawa na akina Bauer na Kirby katika mji wa Seattle, Marekani, wakaitangaza mwaka 1966. Lakini asili yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1928 Alexander Fleming, akifanya kazi katika hospitali moja mjini London, aliona ukungu umeota kwa bahati katika sahani yake, na bakteria waliokuwa karibu na ukungu huo wamekufa. Ule ulikuwa mduara wa kwanza wa penisilini, na hakuna aliyeukusudia.

Iko njia ya pili, nayo hutoa jibu la namba. Mpimaji hupanga vichupa katika mstari na kutia dawa kwa kupunguza nusu kwa nusu: cha kwanza sehemu 8, cha pili 4, kisha 2, 1, nusu na robo. Kila kichupa hutiwa bakteria kwa kiasi kilekile. Kesho yake vichupa vyenye dawa nyingi ni maji maangavu, na vyenye dawa kidogo vimechafuka. Kichupa cha mwisho kilichobaki maangavu ndicho kinachoonyesha kipimo cha chini kabisa kinachowazuia bakteria. Lakini kuzuia si kuua. Mpimaji akitaka kujua kama wamekufa, huchota tone katika vichupa vile maangavu na kulipaka juu ya agari isiyo na dawa. Wakiota, basi walikuwa wamelala tu.

Mara nyingi husikika mtu akisema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Maneno hayo yanapoteza njia. Mwili haukuzoea kitu. Waliozoea ni bakteria, nao waweza kuhamia kwa mtu mwingine ambaye hajapata kuionja dawa hiyo maishani mwake. Katika mamilioni ya bakteria wa kidonda kimoja, huenda wachache wamezaliwa na badiliko dogo linalowawezesha kuivunja dawa, au kuitapika, au kuifungia mlango. Dawa inapokuja huwaua wenzao wote na kuwaachia hao shamba zima. Tena bakteria hawangoji kuzaa ili warithishane. Waweza kupeana sehemu ya vitu vyao vya urithi, kipande cha mviringo kiitwacho plasmidi, hata kati ya aina mbalimbali, na katika plasmidi moja huenda ikawamo silaha ya kushinda dawa nne au tano kwa pamoja.

Mambo haya yalionekana mapema. Uchunguzi mashuhuri wa streptomaisini juu ya kifua kikuu, uliotangazwa Uingereza mwaka 1948, ulionyesha wagonjwa wakipata nafuu. Lakini katika wengi wao bakteria waligeuka kuwa sugu baada ya muda, kwani dawa ilitolewa peke yake. Ndiyo sababu kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, na uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki tangu mwaka 1970 ulisaidia sana kuufupisha muda wa tiba hiyo. Katika Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, homa ya matumbo ilianza kutokea kwa bakteria walioshinda ampisilini, kloramfenikoli na tetrasiklini kwa pamoja, dawa ambazo zilikuwa tegemeo la kila zahanati. Na kwa ulimwengu mzima, wataalamu wamekadiria ya kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu bakteria waliowashika hawakusikia dawa.

Hospitali ya Thika yenyewe imetoa somo katika jambo hili. Desturi ya zamani, kama ilivyokuwa katika hospitali nyingi, ilikuwa kumpa mgonjwa wa upasuaji dawa za bakteria kwa siku kadhaa baada ya kushonwa. Mwaka 2011 utaratibu uligeuzwa: dawa itolewe kabla kisu hakijagusa ngozi, ili iwepo damuni bakteria wanapoingia, na baadaye isiendelezwe pasipo sababu. Katika muda wa wiki chache waganga na wauguzi wengi walikuwa wamekwisha kuufuata utaratibu mpya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Dawa zilizotumika zilipungua, na gharama pamoja na saa za wauguzi za kuchoma sindano zikapungua. Watu waliodhani ya kuwa dawa nyingi ndiyo heshima kwa mgonjwa hawakupendezwa upesi, lakini vidonda havikuongezeka kuoza.

Kutoka Thika kurudi Ruiru ni mwendo mfupi, na huko vita ni ileile, ingawa mgonjwa ni mbuni. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kimepambana kwa miaka mingi na ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao wakulima wameuzoea kwa herufi zake, CBD. Ugonjwa huo ulionekana mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1922. Hauletwi na bakteria, bali na ukungu. Lakini kisa chake chafaa kutajwa, kwa kuwa chafundisha jambo lilelile. Katika miaka ya 1970 wakulima walipata dawa mpya za jamii ya benomyl, ambazo zilishinda dawa za shaba kwa wepesi wa kazi na zilishangiliwa sana. Haukupita muda mrefu wakaona matunda yanaoza katika mashamba yaliyonyunyiziwa vizuri. Ukungu ulipochukuliwa na kuoteshwa katika chakula kilichochanganywa na dawa hiyo, uliendelea kuota kana kwamba haukuwekewa kitu. Kufikia mwaka 1976 taarifa za ukungu sugu wa Kenya zilikuwa zimekwisha chapishwa. Benomyl hushambulia mahali pamoja tu ndani ya chembe ya ukungu, na badiliko moja la mahali hapo latosha kuifanya dawa kuwa maji. Shaba hushambulia mahali pengi kwa mara moja, ndiyo maana imedumu. Kazi ya kutafuta mbuni unaojilinda wenyewe iliendelea, na mwaka 1985 kituo kikatoa mbegu ya Ruiru 11, ambayo hustahimili CBD na kutu ya majani.

Ruiru 11 haikutengenezwa kwa ajili ya bakteria. Nao bakteria wa mbuni wapo. Mmoja ni Pseudomonas syringae wa aina ya garcae, aliyepata jina hilo kwa mji wa Garça wa huko Brazil, alikotambuliwa katika miaka ya 1950. Katika Kenya ulikuja kujulikana kwa jina la Solai, kaskazini ya Nakuru, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1976. Majani huanza kuwa na mabaka kama yaliyolowa maji, kisha yakakauka na kuwa meusi, na ncha za matawi zikafa pamoja na maua. Mvua, upepo wa baridi na mawe ya mvua yanayojeruhi majani humfungulia mlango. Mkulima asiyejua huona weusi ule akadhani ni CBD, akatumia fedha kwa dawa ya ukungu ambayo haimgusi bakteria hata kidogo.

Dawa itumikayo juu ya bakteria huyu ni ya shaba, ndugu ya mrututu ambao wakulima wa mizabibu wa Ufaransa walianza kuuchanganya na chokaa katika miaka ya 1880. Shaba haiponyi jani lililokwisha kuugua. Huwaua bakteria walio juu ya jani kabla hawajaingia, na kwa hiyo kunyunyiza baada ya matawi kukauka ni kuchelewa. Je, bakteria waweza kuizoea shaba? Waweza. Katika California, katika miaka ya 1980, ilionekana jamaa wa karibu wa bakteria huyu, yule ashambuliaye minyanya, akiwa na plasmidi ya kushinda shaba. Yeye haivunji, kwani shaba haivunjiki. Huikamata na kuifungia katika ukuta wake asidhurike nayo. Makundi yake yakioteshwa katika agari yenye mrututu hugeuka rangi ya buluu, na mpimaji huyatambua kwa kutazama tu.

Kupima shaba kuna hila yake. Chakula kizuri cha bakteria, kile kile kinachotumika kwa wagonjwa wa hospitali, huinasa shaba na kuitoa ukali. Bakteria dhaifu akiwekwa hapo katikati ya shaba nyingi huishi, na mtu asiyejua huandika kwamba ni sugu. Hapana budi kutumia chakula cha kimaskini, chenye lishe ya kutosha tu kumwezesha bakteria kuota. Ni ajabu kidogo ya kuwa sahani iliyo duni ndiyo isemayo kweli.

Jambo la metali lawagusa pia watu wasio na mbuni hata mmoja. Thika ni mji wa viwanda, na viwanda vya ngozi hutumia kromu kulainishia na kuhifadhi ngozi. Mahali popote duniani maji yenye kromu au shaba yanapofika mitoni bila kusafishwa, bakteria wa matope huchujwa kama walivyochujwa wale wa kidonda: walio dhaifu hufa, wenye silaha hubaki. Na kwa kuwa silaha ya metali na silaha ya dawa za hospitali huweza kukaa katika plasmidi moja, metali yaweza kuwalea bakteria wasiosikia tetrasiklini, ijapokuwa hakuna mtu aliyetupa kidonge mtoni.

Mabanda ya kuku ya Ruiru nayo yamo katika hesabu hiyo. Kuku wakikohoa, mfugaji huenda kwenye duka la agroveti na kurudi na unga wa tetrasiklini wa kutia katika maji ya kunywa. Kuku aliye mgonjwa hunywa kidogo, na aliye mzima hunywa sana. Basi dawa haimfikii anayeihitaji kwa kipimo chake, na bakteria wa tumbo la kuku wazima hupata mafunzo ya bure. Kama kikohozi kile ni cha virusi, dawa haikuwa na kazi yoyote tangu mwanzo. Daktari wa mifugo aweza kuwapasua kuku wawili au watatu waliokufa usiku uleule na kupeleka viungo maabara, na gharama hiyo hulinganishwa na thamani ya banda zima.

Mtu anayetaka kipimo kiseme kweli ana sehemu yake katika kazi. Usaha, mkojo au damu huchukuliwa kabla ya kumeza dawa yoyote, kwani vidonge viwili vilivyomezwa njiani vyatosha kuwanyamazisha bakteria katika sahani bila kuwaondoa mwilini. Mkojo unaofaa ni wa katikati, baada ya kuacha wa kwanza upite, nao utiwe katika chupa iliyotolewa na hospitali. Chupa ya soda iliyosuuzwa nyumbani ina bakteria wake yenyewe. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Daktari huweza kuanza tiba kwa kukisia, lakini jibu likifika hubadili dawa ikibidi. Majani ya mbuni yanayopelekwa kwa wataalamu yawe yale yaliyoanza kuugua, yenye ukingo kati ya sehemu nzima na sehemu iliyokufa, yakiwa yamefungwa katika karatasi wala si katika mfuko wa plastiki, ambamo huvunda.

Sahani zilizokwisha kusomwa hazitupwi jalalani. Hutiwa katika chungu cha mvuke kilichofungwa na kupashwa moto mpaka nyuzi 121 kwa muda usiopungua dakika 15. Bakteria waliobaki ndani yake wangali hai, na mpimaji hanawi mikono kwenda nyumbani mpaka kipimajoto kionyeshe ya kuwa moto huo umefika.